Ndege Iliyolala Gereji Kwetu

Gereji ya nyumba yetu ya Mansfield haijawahi kuingia gari. Ilikuwa na ndege. Ililala pale miaka, mabawa yametolewa, imefunikwa mashuka ya zamani, na kila nilipoenda kuchukua nyama kwenye friza nilihisi napita pembeni ya mgonjwa asiyetaka kuamka wala kuondoka.

Ilikuwa ndege ndogo ya Kiingereza, ya mbao na kitambaa, ya matembezi tu. Aliyeileta ni jirani yetu, mzee Mwingereza tuliyemwita Babu. Baba yake alifanya kazi kwenye karakana iliyoibuni huko kwao. Ya kwanza, Babu alitusimulia, ilikuwa ya watu wawili na nzito puani. Ya pili wakaipanua tumbo. Ya tatu, ya watu wanne na mabawa marefu zaidi, iliishia kwenye michoro, karakana ikafungwa. Basi yeye na mume wangu, ambaye ni fundi mitambo kiwandani Fort Worth, wakaamua kuivua ile ya pili iliyolala gereji mpaka mifupa, waijenge upya iwe hiyo ya tatu.

Mimi niliomba. Mchana nahudumia wazee, jioni nasomea unesi, na njiani kwenye gari naomba. Naomba siku ya kuruka isifike. Halafu natubu, naomba ifike salama.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anaishi Sharpstown kule Houston, na kwa maombi ananishinda. Alikuja kututembelea wakati mbao za mabawa ziko mezani, bado hazijagundishwa.

"Jamani, mnajenga ndege haijaombewa?"

"Wifi, haina hata mabawa."

"Ndiyo wakati wenyewe. Mtoto si anaombewa tumboni?"

Akaingia gereji na chupa yake ya mafuta ya zeituni. Mimi nikarudi jikoni chapati zisiungue. Nikamsikia anakemea mle ndani, sauti inapanda. Nilisema amina na mwiko mkononi.

Baadaye mbao zikagundishwa, zikavishwa kitambaa, zikapakwa rangi nyeupe. Mkaguzi akaja, akaridhika. Ikapangwa Jumamosi mume wangu airushe mara ya kwanza, peke yake, kwa kuwa macho ya Babu yamechoka.

Wiki hiyohiyo wifi akapiga simu.

"Mwambie kaka asiogope kitu. Zile mbao ndefu za bawa nimezipaka zote, juu chini. Nikafuta na khanga yangu wasigundue. Si unamjua kaka alivyo."

"Ulizipaka kabla hawajagundisha?"

"Sasa ningepaka wapi zikishafungwa, wifi?" Akacheka.

Mimi sikucheka. Asubuhi ile kazini nilikuwa nimembandika bibi mmoja plasta, kumbe bintiye keshampaka losheni bila kuniambia. Plasta ilibanduka nzima, kama haijawahi kugusa ngozi.

Nikamwambia mume wangu afungue bawa.

"Mama watoto, ndege imekaguliwa."

"Fungua."

"Nichane kazi yote ile kwa sababu dada yangu ameomba?"

"Kwa sababu amepaka."

"Mlokole mzima unaogopa mafuta ya upako?"

"Kuomba angeomba mpaka asubuhi, nami ningemwitikia. Mimi nasemea gundi."

Akaondoka anatikisa kichwa. Alhamisi trela ya kubebea ndege ikaja, ikaegeshwa nje. Nikachukua kiti cha plastiki nikakaa katikati ya mlango wa gereji, Biblia mapajani, mgongo wangu kwenye propela.

"Toka hapo, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Ukitaka kuitoa, nitoe mimi kwanza."

Kelele zetu zikamleta Babu. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha darasa la jioni. Hakubishana. Aliuliza kitu kimoja tu: ni mafuta gani? Nikamwambia. Akaomba kisu.

Alichana kitambaa chini ya bawa, mkato wa kiganja. Akaweka ncha ya kisu pale mbao mbili zilipokutana, akasukuma. Mimi nilikuwa nasubiri mlio wa mti unaopasuka. Haukuja. Kisu kiliingia chote, kimya, na ubao ukaachia mwenzake taratibu kama kurasa za kitabu kipya.

Mume wangu alitoa simu. Akampigia dada yake, akaiweka wazi tusikie wote.

"Dada, na bawa la pili ulipaka?"

"Kwani kuna nini, kaka yangu?"

"Nijibu kwanza."

"Nilipaka kila kilichokuwa wazi. Mkia. Ile mifupa ya tumboni. Na pale utakapokaa wewe. Hasa pale utakapokaa wewe, kaka, pale nilirudia mara ya pili."

Babu haelewi Kiswahili. Lakini alimwona mume wangu anavyokitazama kiti cha rubani, akainama, akaingiza kisu chini yake.