Panya Aliyewasha Taa za Lori Langu

Wakati ule pale Ruiru kulikuwa na habari moja, nami niliiamini kuliko nilivyoamini kwamba kesho kutakucha: kwamba mtu mwenye wivu anaweza kujigeuza panya, akaingia chini ya boneti ya mwenzake na kula umeme. Si waya, umeme wenyewe! Akishiba, walisema, macho yake huwaka kama taa za lori, na asubuhi anarudi kuwa mtu, ananawa uso, anaenda kazini. Usicheke. Mimi nina cheti cha ngumbaru, nimesoma hesabu na historia kwa mwanga wa karabai, na nitakayokuambia niliyaona kwa macho yangu haya mawili. Kama ningekuwa na la tatu, nalo lingeona.

Ilikuwa katika ile miaka ya hamsini. Tulikuwa madereva wawili kwenye shamba moja la kahawa, mimi na Karanja, kila mtu na lori lake kuukuu, kazi yetu kupeleka kahawa kiwandani Thika. Msimu ule mzungu mwenye shamba alitangaza kwamba ameagiza lori jipya, na atakayekabidhiwa ni yule ambaye lori lake litachelewesha kahawa mara chache zaidi. Basi tangu siku hiyo mimi sikulala, nilifumba macho tu.

Sasa huyo Karanja. Alivaa kofia imeinama upande mmoja na kupiga mluzi hata akiwa anakula. Mama wa chai pale getini alimchagulia andazi kubwa kama mto wa kulalia, mimi ananipa lililokauka jana. Lori lake liliwaka mara moja kila asubuhi. Jioni aliliegesha peupe katikati ya uwanja, boneti imeinuliwa, nami nikasema moyoni, tazama anavyojionyesha, hata injini anataka tuione! Langu nililificha vizuri bandani, kando ya ghala la mahindi. Na kila nikifungua boneti, nakuta waya zimetafunwa. Siku hizo zilivikwa kitambaa juu ya mpira, lakini zangu zilibaki uchi kama kuku aliyenyonyolewa.

"Dereva, panya wako hawajambo?" Karanja aliniuliza akipita, mkono unaning'inia dirishani.

"Si uwaulize wewe? Wanatoka kwako!"

"Wape salamu, basi. Waambie Thika kuna baridi." Akacheka, akaniachia vumbi.

Wivu ni kitu cha ajabu, ndugu yangu. Nikisikia lile lori lake likinguruma asubuhi, nilikuwa nasukuma uji kando.

Nikaenda Thika kwa mganga mmoja ng'ambo ya mto Chania. Akasema naam, kuna mtu anakutumia panya. Dawa ni kupaka waya zote mafuta ya kondoo kila jioni, yale ambayo wazee hubarikia, na kumwaga mtama kidogo chini ya betri kwa ajili ya wale waliotutangulia. Na nisimwambie mtu, dawa itapoa. Mafuta yalikuwepo nyumbani, kwenye kibuyu cha mke wangu Nyambura. Nikawa nayachota kimyakimya na kupaka mpaka lori likang'aa ndani kama bibi harusi. Waya zikazidi kuliwa! Nikajua Karanja naye ameongeza nguvu. Nami nikaongeza mafuta.

Jioni moja giza likiingia, watu wakifunga milango mapema kama ilivyokuwa lazima siku zile za Hali ya Hatari, nilifika bandani na kile kibuyu cha mafuta. Ufunguo wa lori ulikuwa mfukoni. Niamini, nilikuwa nimeushika! Ghafla honi ikalia yenyewe. Kulia gani? Ilipiga mayowe, nadhani Thika nzima iliisikia. Kisha taa zikawaka, na ukutani mbele yangu kikasimama kivuli cha panya. Amesimama kwa miguu ya nyuma, mrefu kunishinda, mrefu kushinda ghala. Na kichwani, niape kwa nini ili uniamini, kofia imeinama upande.

"Karanja!" nikapiga kelele. "Nimekuona! Rudi kuwa mtu!"

Kivuli kikageuka. Kikainua mkono polepole, kama mtu anayegusa kofia kusalimia. Halafu cheche zikaruka, ikaja harufu ya mpira unaoungua, na giza tupu.

Mtu akanishika koti kwa nyuma. Ngai! Nusura roho inihame. Kumbe ni Nyambura, na mwiko mkononi.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke unayempelekea mafuta yangu!"

Asubuhi lori halikuwaka. Nilimwendea Karanja nikamchungulia usoni, na macho yake yalikuwa mekundu, nakuambia! Mkewe akadai ni moshi wa jikoni. Karanja akapakia magunia yangu juu ya yake, akapiga mluzi mpaka Thika, na lori jipya likawa lake.

Mpaka leo honi ikilia na hakuna mtu garini, natazama ukutani kwanza. Na lile lori lilipokuwa likinipita barabarani, rangi yake inameremeta, niliona uchungu mpaka kwenye meno. Kwa hivyo wewe mwenye gari, sikia onyo langu. Usiliegeshe karibu na nafaka wala kwenye nyasi ndefu. Lala umeacha boneti wazi, maana panya anapenda joto na maficho. Injini ikipoa, ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Usiache githeri wala chakula chochote ndani. Fuga paka, tena asishibe sana.

Haya hayakutoka kwa mganga, ni ya Nyambura. Asubuhi ile ile, Karanja alipokwisha kuondoka na magunia yangu, Nyambura alikuja bandani, akapitisha kidole kwenye waya, akakinusa.

"Baba Wangari," akasema, "hakuna aliyemtuma. Panya alifuata mafuta na mtama wako. Ametafuna, waya zikagusana, honi ikalia, taa zikawaka naye kasimama mbele yake. Ni hayo tu."

"Na ile kofia?"

"Sikio lake."