Siku Tatu za Ruhusa

Asubuhi moja ya mwaka 1948, Ishaka Randu alifika mlangoni pa benki na mfuko wake wa barua begani, akakuta kitasa kimepigwa lakiri nyekundu na askari amesimama mbele yake. Alikuwa tarishi wa benki ile kwa miaka kumi na mmoja. Kila siku ya kazi alitoka kwake Changamwe kwa baiskeli, akavuka daraja la Makupa, akaingia mjini makarani wangali wanakunywa chai majumbani mwao. Sasa benki imefilisika, wenyewe wameshavuka bahari, na korti imemweka Mzungu mmoja awe msimamizi, akusanye kilichobaki awagawie wanaodai.

Tangazo likabandikwa: wafanyakazi watalipwa kwanza mishahara yao ya miezi mitatu iliyokwama. Ishaka akaenda kuuliza pamoja na Mbeyu, aliyekuwa mfagiaji, na Charo mlinzi. Karani wa msimamizi akapekua orodha, akatikisa kichwa.

"Majina yenu hayamo. Ninyi mlikuwa vibarua wa kutwa, na kibarua hana dai."

Charo alikata tamaa papo hapo. "Mnyonge hana haki, ndugu yangu. Twendeni zetu."

"Asiye na haki ni asiyeidai," Ishaka akasema. "Mimi nitaidai yangu, na yenu pia."

Jumapili, alipotoka kanisani, Ishaka aliketi mezani akaandika barua kwa Kiingereza alichofundishwa na wamisheni wa Rabai. Mkewe, Nyamvula, alisimama nyuma yake akimtazama.

"Na wakikukataa?"

"Watatoa sababu. Na sababu hiyo nitaijibu."

Waliitwa benki baada ya wiki tatu. Msimamizi aliisoma barua, akauliza ushahidi uko wapi.

"Uko kwako, Bwana," Ishaka akajibu. "Vitabu vya kupelekea barua vimo katika kabati la pili, rafu ya chini. Niliviweka kwa mikono yangu."

Vikaletwa, vumbi likawafanya watu kupiga chafya. Kila siku palikuwa na sahihi ya karani mkuu, kwamba Ishaka ametumwa. Nyuma ya kila kitabu, mwisho wa kila mwezi, palikuwa na alama za vidole vya Mbeyu na Charo walipopokea mishahara yao, ambayo Ishaka ndiye aliyetumwa kuwakabidhi.

"Hata kibarua anaweza kuja kila siku," msimamizi akasema, akiendelea kufunua. Kisha akasita. "Februari 1944. Siku tatu hukuja. Ulikuwa wapi?"

Ishaka alisogea karibu na meza. Ukurasa ule alikuwa hajaufungua tena tangu mwaka ule.

"Nilikuwa nikimzika binti yangu. Tafadhali soma alivyoandika karani mkuu."

Mzungu akasoma polepole: ruhusa ya siku tatu, kifo cha mtoto, mshahara usikatwe.

"Kibarua haombi ruhusa, Bwana," Ishaka akasema. "Asipokuja, halipwi. Mimi sikuja, na nililipwa. Na hawa wawili walipokea mshahara wa mwezi kama mimi."

Msimamizi akachovya kalamu kwenye wino. Majina matatu yakaingia kwenye orodha.

Jioni Nyamvula alisimuliwa yote. Akauliza jambo moja tu: "Waliandika jina lake?"

"Hapana. Waliandika mtoto."

"Alikuwa Kadzo," akasema Nyamvula.

"Alikuwa Kadzo," Ishaka akaitikia.

Fedha zililipwa kabla ya mvua za masika. Kiinua mgongo walichoahidiwa kwa mdomo hawakukipata, kwa kuwa hakikuandikwa popote, na Ishaka hakujisingizia kuwa hakikumuuma. Lakini Mbeyu alikwenda kulipa kodi ya chumba akiimba, na Charo akawa anawahadithia watu mambo ya kwa msimamizi kana kwamba msemaji alikuwa yeye.

Mwezi uliofuata Ishaka alipata kazi ya utarishi kwa wakala wa mizigo karibu na bandari. Karani wa pale akamnyooshea mfuko wa barua.

"Haya mzee, anza."

Ishaka hakuupokea. Alivuta kiti, akaketi.

"Nitaanza sasa hivi," alisema kwa upole. "Niandikie kwanza jina langu, na kwamba nalipwa kwa mwezi."