Mialiko Isiyo na Harusi

Saa moja kasorobo asubuhi, Wigati ananyanyua mlango wa bati wa kibanda chake pembeni mwa soko la Karangwuni, anapangusa meza, anawasha taa ndogo ya kufanyia kazi. Hajaketi bado, mteja wa kwanza ameshafika. Ni Mbah Sumirah, muuza tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, wa upande wa pili wa soko, bibi wa miaka sitini na tisa. Simu ameifunga kwenye leso kama mtu aliyebeba kifaranga mgonjwa.

Anaifungua mezani na kueleza kwamba tangu alfajiri simu ni ya moto na inawaka yenyewe bila kuguswa. Wigati anamuuliza kama kuna kitu amefungua. Bibi anasema hapana, hakuna kitu kibaya, ni mwaliko wa harusi tu.

Wigati haulizi tena. Shingoni mwake kuna uzi, na kwenye uzi kuna pini nyembamba. Anaichomeka ubavuni mwa simu, laini inatoka. Anaizima simu. Ndipo anavuta kigoda na kumwomba bibi akae.

"Laini kwanza, maswali baadaye," anasema. "Nyoka akiingia ndani humuulizi kwao wapi."

Kitendawili cha siku hizi, nanyi mtegue: mgeni hana mguu wala sura, mlango umemfungulia mwenyewe, anatoka na mali yako nawe bado unamtengea chai. Jibu lake hufika kwenye meza ya Wigati karibu kila siku inayopambazuka.

Linakuja kwenye simu, kutoka namba ngeni au hata ya mtu unayemjua, na juu yake pameandikwa Mwaliko wa Harusi. Si mwaliko. Ni programu ya wezi iliyovishwa nguo za mwaliko. Ukiibonyeza, simu inakuuliza kama unaruhusu. Mtu ana hamu ya kuona jina la bwana harusi na bibi harusi, basi anabonyeza ndiyo, na ndiyo nyingine, na ndiyo ya tatu. Kuanzia hapo mwizi anausoma kila ujumbe unaoingia, pamoja na namba za siri ambazo benki humtumia mwenye akaunti.

Watu wa mbali watauliza kwa nini mtu abonyeze kitu asichokijua. Hawajaishi Karangwuni. Hapa, kukosa harusi ya mtu ni sawa na kumwambia kwamba ukifiwa asikukaribie. Koo ni kubwa, watoto wametawanyika, na namba ngeni inaweza kuwa ya binti wa binamu aliyehamia kisiwa cha Sumatra. Kumjibu "wewe ni nani?" ni kumtukana mama yake.

"Hawabonyezi kwa ujinga," anasema Wigati. "Wanabonyeza kwa adabu. Wezi wameijua adabu yetu kuliko sisi."

Wigati ana miaka arobaini na sita, na huu ni mwaka wake wa kumi na tatu katika kazi hii. Alianza kwa kufagia katika duka la fundi mwingine, akawa anaokota simu zilizokufa na kwenda nazo nyumbani kuzipasua. Mumewe, dereva wa lori la mchanga, alimwambia anachezea takataka. Siku alipofufua ya kwanza, mume aliitumia miaka miwili.

Siku njema anaingiza rupia laki moja na nusu, siku mbovu elfu sitini. Kubadilisha kioo, kukaza tundu la chaji lililolegea, kukausha simu iliyoanguka kwenye shamba la mpunga, hizo ndizo kazi zake. Wapo pia wanaomletea simu ya mitumba kabla ya kuinunua. Huwaambia wasitazame kamera, watazame kama betri yake inapatikana hapa sokoni. Simu isiyo na betri ya kubadilishia, anasema, ni mwari mzuri asiyekula chakula cha kwenu. Kukagua mialiko hatozi kitu. Wiki iliyopita aliletewa kumi na moja, na mitatu tu ndiyo iliyokuwa na harusi.

Lakini wa Mbah Sumirah umeshafunguliwa, na katika akaunti yake kuna rupia milioni kumi na mbili.

Kila mtu hapa anazijua pesa hizo ni za nini. Mume wake, Mzee Darmo, fundi mwashi, alifariki miaka miwili na miezi minane iliyopita. Siku ya elfu tangu kifo chake inaangukia siku kumi na tisa kuanzia leo. Siku hiyo ndipo watu huitwa, dua husomwa, wali huliwa, na kaburi hujengewa jiwe, maana kabla ya hapo halijengwi. Kwa muda wote huu Mzee Darmo amelala chini ya kipande cha mbao, huku mkewe akiweka akiba katika tempe na mwanawe Giyanto akituma kidogo kidogo kutoka kiwandani Batam. Ni Giyanto aliyemfungulia mama akaunti hiyo kwenye simu.

Wigati anapiga benki kwa simu yake mwenyewe na kuiweka sauti ya nje. Msichana anayepokea ana adabu nzuri. Anauliza jina, anauliza tarehe ya kuzaliwa, halafu anauliza jina la mama mzazi wa mwenye akaunti.

Mbah Sumirah anajibu haraka kwamba mama yake ni Saminten. Msichana anasema halilingani, na kwamba imebaki nafasi moja. Ikikosewa, itabidi waende tawini na vitambulisho. Tawi lililo karibu linafunguliwa saa mbili. Kwa saa nzima hiyo mwizi angeweza kuchota na kukung'uta.

Bibi anamgeukia Wigati. Anasema mama yake hakuwa na jina jingine, labda lile la utotoni, na lile hakulijua mtu wa benki. Wigati anampigia Giyanto. Haipokelewi, huko kiwandani simu hufungiwa kabatini.

Wigati anaiweka simu mezani. Halafu anamuuliza bibi ni nani aliyejaza fomu. Bibi anasema ni Giyanto, yeye hata hakuiona.

"Basi mwanao aliulizwa jina la mama, akaandika la mama yake," anasema Wigati. "Mwambie dada wa benki unaitwa Sumirah."

"Niseme mimi ni mama yangu?"

"Sema, Mbah. Utaomba radhi baadaye."

Bibi analisema jina lake taratibu, kama mtu anayekanyaga ubao usioaminika. Msichana wa benki anashukuru na kuuliza angependa asaidiwe nini. Akaunti inafungwa saa moja na dakika nne. Rupia milioni mbili na nusu zimeshatoka tangu saa kumi na mbili kasoro dakika nane. Milioni tisa na nusu zimebaki.

Hapo ndipo Mbah Sumirah analia. Halilii pesa, anasema. Analia kwa sababu kesho soko zima litajua kwamba mjane wa Darmo ameitapanya siku ya elfu ya mumewe kwa kidole kimoja.

Wigati anamwambia jambo ambalo huwaambia wateja mmoja mmoja tu. Miaka minne iliyopita na yeye alibonyeza, akidhani ni harusi ya binamu yake wa Temanggung. Zilikwenda rupia milioni nane na laki nne, kodi ya kibanda ya mwaka. Alimficha mumewe miezi miwili. Mbele ya watu hajawahi kulisema, kwani nani atampelekea simu fundi aliyeibiwa kwa simu?

"Hasara niliilipa nikaimaliza," anasema. "Aibu ndiyo bado nailipa. Wewe usianze, Mbah, riba yake kubwa."

Wakati bibi anajifuta machozi kwa leso ile ile, simu ya Wigati inalia. Ni ujumbe kutoka kwa Mbah Sumirah, na picha yake ameshika sinia la tempe. Unasema kuna mwaliko, tafadhali ufungue. Mwenyewe yuko hapa kigodani, na simu yake imezimwa tangu alipofika. Mwizi ameliteka jina lake na sasa anawatumia watu wote aliokuwa nao kwenye simu, zaidi ya mia moja na arobaini.

Na watu hao wote wanangoja mwaliko kutoka kwa Mbah Sumirah. Mwizi hakujua habari ya siku ya elfu. Alibahatika tu, kama kicheche aliyekuta banda limesahauliwa wazi.

Wigati anafunga droo na kukimbilia msikitini, ambako Pak Kasnadi ndiye mwenye kipaza sauti. Anamweleza huku anahema: Mbah Sumirah, mwaliko, usifunguliwe. Pak Kasnadi ana miaka ishirini akitangaza, na asubuhi za namna hii hutangaza kitu kimoja tu. Anakohoa, anagonga kipaza sauti, na kwa mazoea anaanza na maneno ya msiba, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea, halafu analitaja jina la Mbah Sumirah. Wigati anamvuta shati. Pak Kasnadi anasahihisha, anasema watu wasifungue mwaliko wowote unaotoka kwake. Lakini wanawake wa Karangwuni wakishasikia mwanzo ule hawangoji mwisho. Wanaingia jikoni kupima mchele, maana kwa mfiwa huendi mikono mitupu.

Bu Lasiyem, mama jirani wa Mbah Sumirah, nyumba ya pili, anafika kibandani wa kwanza. Amekuta nyumba imefungwa, akaambiwa bibi alionekana mara ya mwisho akielekea sokoni. Ana bakuli la mchele kichwani na macho mekundu. Anamkuta marehemu anakunywa chai.

"Mbah," anasema, "wewe si umekufa?"

"Bado. Nilikuwa naongea na benki."

Muuza kuku wa jirani anacheka mpaka anashika nguzo. Nyuma ya Bu Lasiyem wanakuja wengine, wawili wawili, kila mmoja na beseni lake, kila mmoja anasimama pale pale aliposimama mwenzake. Mbah Sumirah, ambaye nusu saa iliyopita aliogopa hata mtu mmoja kujua, analazimika kuwasimulia wote. Kufikia mtu wa kumi anasimulia vizuri, na kidole anakionyesha. Bu Lasiyem anamwambia akifunge kitambaa cheusi kidole hicho, ndicho kilichofariki.

Kati ya waliotumiwa, wawili walikuwa wameshabonyeza. Wanasukumwa mbele kama watoto waliovunja chungu. Pini ya Wigati inafanya kazi yake, laini zinatoka, benki zinapigiwa. Hawa hawakupoteza kitu.

Likabaki suala la mchele. Anayejaribu kuinua beseni lake arudi nalo anakemewa na wenzake, kwamba mchele uliotoka nyumbani kwa ajili ya msiba haurudi ulikotoka. Ukirudi, utamwitia nani msiba? Mchele wote unamiminwa kwenye magunia mawili, na muuza kuku anatoa mizani yake. Ni kilo sabini na nne.

Mbah Sumirah anayatazama magunia hayo mawili kwa muda. Wali wa siku ya elfu, alivyokuwa ameupangia, ulihitaji kilo sabini.

Pengo bado lipo. Jiwe la terazo alilokuwa ameliagiza kwa milioni nne na nusu atalibadilisha liwe la saruji. Anasema Darmo alikuwa mwashi, saruji wanajuana, hatalalamika.

Lililokuwa gumu zaidi ni wageni. Baada ya asubuhi ya leo, nani atafungua mwaliko wenye jina la Sumirah? Wigati anasema usitumwe kwa simu. Upelekwe mkononi, kama mama zao walivyopeleka: kisanduku cha wali, yai, tambi na kipande cha kuku, nyumba kwa nyumba, na aliyekula ameshaalikwa. Ni nyumba sitini na mbili. Miguu ya Mbah Sumirah haiwezi nyumba sitini na mbili, hivyo Wigati atafunga kibanda siku mbili na kuvibeba yeye kwenye pikipiki. Hesabu ya kipato atakachokosa ameshaipiga na hapendi kuizungumzia.

Ana lake pia katika safari hiyo. Kila mlango atakaoingia ataomba simu ya nyumba hiyo, awaonyeshe herufi tatu, a, p na k, zinazokaa mwishoni mwa jina la mwaliko wa uongo, na awaonyeshe laini inavyotolewa. Pini za kutolea laini ameziagiza mia moja, kila moja na uzi wake, na kila kisanduku kitakwenda na moja.

"Kwenye mkutano wa akina mama ukisimama kuongea, nusu wanapiga soga," anasema. "Lakini mtu akiwa ameshika wali wako mkononi hawezi kukufungia mlango kabla hujamaliza."

Anasema amekwisha kupanga hata maneno ya kuanzia. Nyumba ya kwanza itakuwa ya Bu Lasiyem, mwenye mdomo mrefu kuliko kipaza sauti cha Pak Kasnadi, na hapo kizingitini, kabla ya kumtaja Mbah Sumirah, Wigati ataanza na harusi ya Temanggung na milioni nane na laki nne zake.