Siku Niliyomwagiwa Poda kwa Ajili ya Swichi

Niliporudi Kisangani kutoka Kampala nilikuja na diploma ya kompyuta ambayo hakuna mtu aliyenisaidia kuipata. Mchana nilitengeneza simu za watu, jioni nilikaa darasani, na hata fremu ya kuitundikia niliichonga mwenyewe. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli. Niliitundika sebuleni kwa tonton, mdogo wa baba yangu, katika komini ya Tshopo, pale ilipokuwa picha ya harusi yake.

Tonton aliitazama fremu, kisha akanitazama mimi.

"Bon. Diplome iko. Kazi iko wapi?"

Kazi ilikuwapo, ila ilitaka macho ya kuiona. Ndani ya kila kompyuta kuna programu kuu, kiini cha mfumo, na kati ya kazi zake ni kuzima vifaa visivyotumika ili betri isiishe bure: kamera, spika, redio ya mtandao. Kikizima kisichopaswa kuzimwa, mashine inaganda na hakuna ajuaye kwa nini. Ndiyo maana mafundi wamewekewa swichi za uchunguzi, ambazo mashine inauliza kama unazitaka, ndiyo au hapana. Ukiwasha moja, kiini kinaandika kila kifaa kinachozimwa na kila kinachowashwa, na fundi anasoma mpaka anaona kosa. Swichi moja ya namna hiyo haikuwa na maelezo ya maana. Kampuni ya nje iliniambia hivi: andika maelezo yake, na msimamizi wa sehemu hiyo akiyapokea, utakuwa mwandishi wetu wa kudumu, ukikaa hukohuko kwenu.

Nilimweleza tonton yote hayo taratibu, kama mwalimu.

"Donc watakulipa juu ya kueleza swichi," alisema.

"Ndiyo, tonton."

"Ya kuwasha taa?"

"Ya kiini."

Rafiki mmoja wa tonton alikuwa na boti ya kwenda Basoko, naye alitafuta karani wa kuandika abiria, mbuzi na magunia. "Tupatane hivi," tonton akasema. "Wale watu yako wakikubali mbele boti iondoke, utabaki na swichi yako. Wasipokubali, utapanda boti."

Nilikubali palepale. Sikuona namna msimamizi angeweza kukataa. Maelezo niliyowatumia yalikuwa na aya tano. Yalianza na ugunduzi wa moto, yakapita kwenye bwawa letu la umeme hapa Tshopo, yakaeleza njia ngumu aliyoipita mwandishi, na mwisho yakaifikia swichi. Hata leo naona ile aya ya bwawa ilikuwa nzuri.

Jibu liliingia asubuhi ambayo boti ilikuwa inapakia. Nilikuwa nimekaa uani na watu wote wa lupango wetu, yaani nyumba zote za ua mmoja, nikiwaeleza jinsi maandishi yangu yatakavyokaa ndani ya mashine za dunia nzima. Simu ikalia. Nikasema, "Wamejibu."

Kwetu mtoto akifaulu mtihani wa taifa, matokeo yanakuja kwa simu, na kabla hajamaliza kuyasoma watu wamekwisha kummwagia poda kichwani. Tantine, mke wa tonton, alikuwa ameliweka kopo tayari tangu siku iliyotangulia. Nilifungua mdomo niseme ngoja kwanza nisome, na poda ikaingia humo. Nilipoweza kuona tena, niliisoma simu kupitia weupe. "Hatuwezi kupokea haya jinsi yalivyo," ilianza. Tonton alikuwa amekwisha kunikumbatia na machozi yalikuwa yanamtoka. Sikuwahi kumwona hivyo. Nikaitia simu mfukoni.

Mtu aliyemwagiwa poda hutembezwa. Waendesha toleka wawili walitutangulia wakipiga kengele za baiskeli zao, jirani akagonga sufuria nyuma. Muuza ndizi mmoja aliuliza nimepata nini.

"Amefundisha mashine kuzima," tantine akamjibu.

"Kuzima? Hapa courant ya taa inajizima yenyewe, na haina diplome."

Watu walicheka, nami nilicheka kwa heshima ya siku. Lakini tulipofika bandarini tonton alimwita mwenye boti kwa sauti ya kusikiwa na abiria wote. "Tafuta karani mwingine. Huyu iko mutu ya dunia." Kijana mmoja aliyekuwa amekaa juu ya magunia ya chumvi akasimama papo hapo na kupewa kalamu. Sasa sikuwa na boti wala swichi, na mtaa mzima ulikuwa umenishangilia.

Nyumbani nilijifungia chumbani nikasoma jibu lote. Msimamizi yule, ambaye hatujawahi kuonana, aliandika bila salamu: "Aya ya kwanza ni historia ya moto. Aya ya tatu inahusu mwandishi. Sema swichi inafanya nini, nani anaihitaji, na asiye na hakika achague nini." Hasira ilinipanda, lakini mimi si mtu wa kushindwa na barua. Niliiwasha swichi kwenye mashine yangu nikatazama upya. Kiini kikaanza: nimezima kamera, nimewasha kamera, nimezima spika, kama jirani anayetangaza kila anayeingia na kutoka lupango. Maandishi yalijaa kioo, mashine ikawa nzito. Hilo halikuwemo katika aya zangu tano.

Niliukata moto. Nikalikata bwawa. Aya ya mwandishi niliisoma mara ya mwisho, nikaikata pia, huku poda ikinidondokea kwenye vitufe. Ilibaki mistari minne: Swichi hii inakifanya kiini kiandike kila mara kinapozima au kuwasha kifaa. Maandishi ni mengi na yanaweza kuchelewesha mashine. Iwashe ukitafuta hitilafu. Kama huna hakika, jibu hapana.

Huo mstari wa mwisho uliniuma. Nimesoma miaka yote hiyo ili niwashauri watu wasiiguse kazi yangu. Nikatuma hivyohivyo.

Jua lilikuwa linashuka na tantine anapakua chakula wakati jibu lilipokuja: yamepokelewa. Nilirukaruka chumbani peke yangu, kimyakimya, kwa kuwa huko nje habari hiyo ilikuwa ya asubuhi. Sikumdanganya mtu. Nilishangiliwa mapema kidogo, basi.

Tantine alichungulia mlangoni. "Nani anakuandikia saa hii?"

"Wale wa kazi."

"Wanataka nini tena?"

"Wanasema asante."

"Iko watu ya adabu," alisema. "Nawa uso, ukuje. Pondu inapoa, na tonton yako ameita wageni. Anataka uwasomee ile yenye uliandika, yote, tangu mwanzo."

Wageni walikuwa wamejaa uani, wengine wamekuja na viti vyao. Nikatoka na mistari yangu minne, nikawaomba wasikilize kwa makini kwa sababu ningesoma polepole sana.