Mama Blandine Anataka Kuchomwa

"Umesikia? Mama Blandine anataka achomwe."

Hajara hakusalimu kwanza. Alisimama mlangoni kwa jirani yake Shamim, beseni la nguo bado liko kichwani, maana habari yenyewe ilikuwa nzito kuliko nguo.

"Achomwe nini?" Shamim aliuliza. Alikuwa anamlisha Taqwa uji, na Taqwa naye alikuwa anailisha sakafu.

"Achomwe moto! Akifa. Kama Wahindi. Ameonekana kule kwao wanakochomea maiti, anauliza bei. Banange, mtu mzima, rozari shingoni, anauliza bei ya kuchomwa kama anauliza bei ya mahindi!"

Kufika adhuhuri habari ilikuwa imeteremka kilima chote cha Kibuli na kupanda tena, na kila mlango iliopita uliitia chumvi yake. Mmoja alisema Mama Blandine ameshalipia. Mwingine alisema ameingia dini ya Kihindi, ndiyo maana siku hizi sombe yake haina nyama. Kumbe nyama imepanda bei tu.

Shamim hakuongeza lake. Alikuwa mtu wa kutazama, na alichokitazama asubuhi ile ni kwamba kinu cha Mama Blandine hakikulia.

Mama Blandine, jina lake Nabintu, alifika Kampala kutoka Bukavu, binti yake Blandine mgongoni na sufuria kubwa kichwani, na mpaka leo sufuria ile anayo. Kazi yake ni kupika sombe na kuiuza. Alfajiri anaenda soko la Kalerwe kutafuta majani ya muhogo, anarudi juu ya boda amekumbatia gunia kama mtoto mgonjwa, kisha anaanza kutwanga. Nasser, mume wa Shamim, hupenda kusema mtaa wao una adhana mbili, moja ya msikiti na moja ya kinu.

Shamim alipojifungua Taqwa, mama yake mzazi alikuwa Jinja, hajiwezi. Aliyekuja na maji ya moto ni Mama Blandine. Alimkanda, akamfunga tumbo, akamwogesha mtoto, akamgombeza mzazi kwa kula kidogo. Hakuitwa. Alikuja. Na msibani vilevile. Awe Mwislamu, awe Mkristo, mtu akifa mtaani, kabla turubai halijafungwa, sufuria ya Mama Blandine iko motoni na chai inachemka.

Basi Shamim alimfunga Taqwa mgongoni akaenda.

Alimkuta amekaa kwenye kigoda, anachambua majani taratibu, kinu kimelala ubavu.

"Karibu, Mama Taqwa. Umekuja kuona kama nimeshawaka?"

Shamim akacheka bila kutaka. "Shikamoo, mama. Watu wanasema."

"Marahaba. Waache waseme. Kwenda nilienda."

Akamsogezea mkeka, akaeleza. Kulikuwa na mzee wa kwao, Katembo, fundi cherehani. Alipokufa, ndugu wakasema lazima arudi nyumbani. Nyumbani kuna vita, barabara haipitiki. Mchango ukazungushwa kwa walioko Nairobi na walioko Ulaya, kila mmoja anasema kesho, na mzee yuko mochwari. Mwishowe akazikwa hapahapa Kampala, na mchango wote ukaliwa na bili ya mochwari.

"Mimi nikasema, hapana! Nikae kwenye friji kama samaki wa Kivu, nangojea mchango? Bon, moto unamaliza siku moja."

"Kwa hiyo ukaenda kuuliza."

"Nikaenda. Nikapata mzee mmoja wa Kihindi, mpole sana, akanipa kiti, akanipa chai ya maziwa. Nikamwuliza bei. Akasema, pole mama, marehemu ni nani? Nikasema, ni mimi. Chai yake ikamwagika yote."

Shamim aliinama kwa kicheko, na Taqwa mgongoni akacheka kwa kuwa mama yake anacheka.

"Kuni unanunua, gari unakodi," Mama Blandine aliendelea. "Si bure, lakini kuliko kupelekwa Bukavu ni nafuu. Nikaenda kwa Padri, nijue kama ni dhambi. Akasema Kanisa halikatazi, ila majivu hayatupwi ziwani, wala hayawekwi kabatini. Yanazikwa, kama mtu. Nikamwambia, Padri, nichomwe halafu nizikwe? Nilipe mahari mara mbili kwa mke mmoja?"

"Na Blandine?"

"Blandine analia kwenye simu huko Nairobi. 'Mama, watoto wakiniuliza bibi yuko wapi, niwaonyeshe mkebe?'"

"Basi si uzikwe tu, mama. Padri hana mahali?"

"Mahali anapo. Nyuma ya kanisa, pa sisi tusio na shamba. Shida si mahali."

Mikono yake ilisimama juu ya majani. Shamim alingoja. Alijua mtu akiacha kuchambua, neno liko karibu.

"Shida ni nani atanichimbia. Waganda wana ukoo wao. Ninyi mna msikiti wenu, mtu akifa, wanaume wanakimbia na majembe. Nawaona kila mara, nikiwa pale kwenye sufuria yangu. Mimi nina binti mmoja, yuko mbali. Wa kwetu wametawanyika. Nalala, nawaza, naona sanduku langu limewekwa chini na Padri amesimama peke yake na kitabu chake. Moto hautaki wachimbaji, mwanangu. Ndicho nilichokifuata."

Shamim alimtazama, akaona aibu ambayo haikuwa yake peke yake. Miaka yote ile Mama Blandine aliyatazama majembe yakiondoka akidhani ni mali ya msikiti. Na mtaa nao ulimtazama yeye ukidhani ana watu wake. Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba ni jambo la kuambiwa.

"Mama, jeneza ndilo la msikiti. Majembe ni ya kila mtu na nyumba yake. La Nasser liko nyuma ya mlango wangu, kila siku linanikwaruza mguu."

"Na anachimbia Mkristo?"

"Mama yake jirani yetu Okullo, si alikuwa Mkristo? Alipokufa, si walipanda lori mpaka kwao Tororo? Nasser, Junaid, wanaume wote wa mtaa na majembe. Na chai ya safari uliwachemshia wewe!"

"Nilidhani wanasindikiza tu."

"Na jembe mkononi? Walikuwa wanasindikiza mihogo?"

Kicheko kikamtoka Mama Blandine, kile kikubwa cha Bukavu, mpaka rozari ikaruka kifuani. Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akakisimamisha kinu, akamimina majani ndani. Du. Du. Du. Uani kwa pili, Hajara alichungulia, akajificha upesi nyuma ya kamba ya nguo.

"Mimi mwenyewe sitafika kaburini," Shamim alisema, maana hakutaka kuahidi asichokiweza. "Sisi wanawake siku ya kuzika hubaki nyumbani."

"Najua. Si ndiyo tunabaki wote na chai?"

Akatwanga kidogo, kisha akaegemea mchi. Taqwa alikuwa ameunyoshea mkono, naye akamwachia aushike.

"Mama Taqwa."

"Abee, mama."

"Siku hiyo ikifika, niazime mume wako na jembe lake. Na sufuria yangu unaijua iliko. Chai uichemshe wewe, tafadhali, usimwachie Hajara. Yule anajaza maji mengi."