Panya wa Pembe

Nakumbuka mchana mmoja wa Doha, mwanangu, ambapo neno moja la Kiswahili lilikaribia kumrudisha mwanamke wa watu nyumbani kwa aibu. Neno lenyewe nililitoa mimi. Wewe wiki ijayo unakwenda kushika kazi ya ulinzi kama yangu, basi keti nikueleze.

Ilikuwa mwishoni mwa ile miaka ya elfu mbili, majumba ya West Bay yakiota kama uyoga. Nililinda mlango wa wafanyakazi katika hoteli moja, nikipekua mifuko ya waliomaliza zamu. Akaja Zaituni wa Mombasa, msafishaji wa vyumba, aliyezoea kuniletea chapati kila Ijumaa. Mfukoni mwake nikakuta kitambaa, na ndani yake panya mdogo kama kidole gumba, rangi ya chai ya maziwa, amechongwa hadi masharubu. Tumboni alikuwa na matundu mawili.

"Cha nani hiki?"

"Cha yule mgeni mzee Mjapani, ghorofa ya kumi na nne. Kamba yake imekatika, kaniomba nimsukie nyingine. Nyuzi zangu ziko Al Rayyan, ninakolala."

"Una barua yake?"

"Barua ya kamba, kaka? Weye nawe!"

Mimi ni mtoto wa Voi. Mjomba wangu alikuwa askari wa wanyamapori, na nikiwa mdogo nimewaona ndovu wamelala nyikani, nyuso zimekatwa. Nilipomgeuza panya yule na kuona ung'avu wake, damu ikanichemka. "Hii ni pembe!" Nikafungua kitabu cha matukio, nikaandika kwa Kiingereza neno la pembe za ndovu, na jina la Zaituni kando yake. Msimamizi akasoma, akapiga simu polisi. Mgeni alikuwa ametoka, na simu yake haikupatikana.

Zaituni akakalishwa kwenye kiti cha plastiki. Hakulia. Akaniambia, "Nina watoto wawili shuleni, kaka. Wanijua mie." Nami, Mungu anisamehe, nilijiona shujaa.

Ndipo akaingia Mzee Mutua, dereva wa hoteli, Mkamba mwenye mvi ambaye baba yake alikuwa mchongaji. Akanisikiliza, akanyoosha kiganja. "Pembe ya nani?"

"Pembe, mzee. Si unaiona?"

"Mbuzi ana pembe. Ng'ombe ana pembe. Hata hii meza yako ina pembe nne, nayo tuipeleke polisi?" Akamsogeza panya dirishani. "Tazama ndani ya tundu. Unaona vitobo, kama mkate? Pembe ya ndovu imeshikamana, haina vitobo hivi. Uliuliza, au uliandika kwanza?"

Nilikuwa nimeandika kwanza. Asiyeuliza, mwanangu, hanalo ajifunzalo.

"Mgeni nimemshusha makumbusho. Namfuata," akasema. "Mama huyu asiguswe."

Polisi walifika kabla yake. Wakasoma kitabu changu, wakamwambia Zaituni asimame. Nikajaribu kusema huenda nimekosea, lakini maandishi yalikuwa na sauti kubwa kuliko yangu. Walikuwa wamefika naye mlangoni gari la Mzee Mutua lilipoingia. Mgeni akashuka, akamwinamia Zaituni kabla ya kumsemesha mtu mwingine.

Akatueleza polepole. Panya alikuwa wa babu wa babu yake. Mavazi yao ya zamani hayakuwa na mifuko, kwa hiyo walifunga kibweta kwa kamba, wakaipitisha kamba hiyo nyuma ya mshipi kiunoni, na kinyago kama hiki kikaizuia isiteleze. Kimechongwa kwa pembe ya dume la mnyama wa kwao afananaye na kulungu, ambaye pembe zake hudondoka zenyewe kila mwaka na kuota tena, kama mtoto abadilishavyo meno. Pembe inayookotwa chini! Kwetu sikuwahi kuisikia.

Polisi wakaondoka. Lakini kitabu cha matukio hakichanwi ukurasa. Nikakata maandishi yangu kwa mstari mmoja, nikatia sahihi, na bado yakasomeka. Nilipomwomba Zaituni radhi, akasema, "Mie nimekusamehe. Kitabu chako ndicho hakijanisamehe."

Alisema kweli. Mkataba wake ulipokaribia kwisha, aliitwa ofisini kuulizwa juu ya ukurasa ule. Nikaomba ruhusa, nikaingia naye, nikasema mbele ya wakubwa: kosa ni langu, yeye hana hata nukta. Wakamwongezea miaka miwili. Ijumaa ile chapati zikarudi.

Basi, mwanangu, huko uendako watakupa kalamu na kitabu. Kabla hujaandika jina la mtu, uliza: pembe ya nani? Na ukikosea, maana utakosea, usijifiche. Neno lako likishatangulia, lifuate kwenye kila mlango linakobisha hodi, ukalisahihishe mwenyewe.

Nenda salama. Mungu aupe mkono wako subira, na kila utakayempekua atoke mlangoni kwako na heshima yake.