Pejo ya Lazare Haishuki Bei

Lazare Banza hakuwa mwizi wala mlevi, na hakuwahi kumpiga mkewe hata kofi. Haya na yasemwe mapema, kwa kuwa huko mbele hakuna tena nafasi ya kumsifu.

Alikuwa karani wa serikali mjini Kamina, nchini Zaire, mwenye muhuri wake mwenyewe na kidau cha wino wa zambarau. Mtu aliyefika dirishani kwake na karatasi pungufu alirudishwa alikotoka, hata kama alikotoka ni Kinkondja, kule mbali, na alikuja kwa baiskeli. "Copie tatu," Lazare alikuwa akisema bila kuinua macho. "Iko mbili tu. Rudia." Ofisini aliitwa Citoyen Banza, yaani Mwananchi Banza, maana enzi hizo majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku. Lazare lilibaki jina la nyumbani na la kanisani, kwa Wamethodisti wenzake.

Mwaka 1974 alinunua gari. Mfanyabiashara mmoja Mgiriki, ambaye duka lake lilikuwa limechukuliwa na serikali, alikuwa akifunga mizigo na kuuza kila kitu, pamoja na Pejo 404 ya familia, nyeupe, yenye safu tatu za viti. Alitaka zaire elfu mbili. Kwa gari la miaka sita bei hiyo ilikuwa matusi, na fundi yeyote angemwambia mia nane, tena kwa kuona haya. Lazare hakumwuliza fundi. Alitoa akiba yake yote, na ilipopelea akauza cherehani ya mkewe, Salomé, ile ya kukanyaga kwa miguu aliyokuja nayo kutoka kwao Bukama siku ya harusi.

Salomé alilia siku mbili. Siku ya tatu Lazare akaketi karibu naye.

"Usilie, mama. Hii mutuka njo nyumba yetu. Hapa tunalala mu nyumba ya serikali, siku ya pension batatutosha inje. Ile siku nauzisha mutuka, tunajenga yetu, na chumba ya cherehani ndani."

Maisha yao yote yakaegemea hapo. Gari likiuzwa vizuri wangezeeka chini ya paa lao, na likiuzwa vibaya wangezeeka nje.

Tshimanga, fundi wa magari aliyetoka Kasai na kufungua karakana karibu na soko, alifunua boneti akaangalia. Alipotajiwa bei aliyolipwa Mgiriki, alicheka hadi akashika mbavu. "Bamekuibia, baba!" alisema, mbele ya watu. Tangu kicheko kile Lazare akapata kazi ya pili, nzito kuliko ya ofisini: kuonyesha ulimwengu kwamba hakuibiwa.

Akalipandisha gari juu ya matofali. Magurudumu akayang'oa na kuyasukuma chini ya kitanda. Saa ya kilometa ilisoma 38,417, naye akaapa itasoma hivyo hadi siku ya kuuza. Hakuna mtu Kamina aliyejali namba ile, kwani saa za magari yote mjini zilikuwa zimekufa zamani, lakini Lazare alikuwa karani na karani huamini kilichoandikwa. Kila Jumamosi aliwasha injini dakika kumi, akapangusa vioo, akalifunika tena turubai.

"Mutuka za sasa ni mikebe ya maziwa," aliwaambia waliopita. "Ya zamani njo chuma. Beyi yake haishukake."

Mwaka 1977 mama yake Salomé alifariki huko Bukama. Salomé alimwomba mumewe mara moja tu: wafunge magurudumu, waende kwa gari, awahi kumwona mama yake kabla hajafukiwa, kwa sababu treni haijulikani inakuja lini. Lazare alichukua kalamu akapiga hesabu nyuma ya bahasha.

"Kwenda na kurudi ni kilomètre mingi sana. Beyi itaanguka."

Salomé alikaa stesheni siku mbili. Alipofika Bukama alikuta udongo wa kaburi umeshaanza kukauka. Aliporudi Kamina hakuomba tena kupanda gari lile.

Lazima ikubaliwe, hata kama inauma, kwamba kuhusu magari ya zamani Lazare hakukosea sana. Mapya yaliacha kuingia, vipuri vikaadimika, na Pejo ile ilikuwa na injini ambayo haikuwa imefanya kazi ya maana. Tshimanga aliyecheka akaacha kucheka. Alikuja akauliza bei, akaambiwa elfu tisa. Bei ya kinyama, lakini alikubali. Miaka miwili yeye na mkewe Kabedi walikula mara moja kwa siku. Novemba 1979 alifika na mfuko wa noti, elfu tisa kamili.

Lazare aliutazama mfuko. Aliona jinsi ulivyotoka kwapani bila kusuasua, na roho ya tamaa ikamwingia.

"Ile ilikuwa beyi ya zamani. Sasa ni elfu kumi na mbili."

"Baba Banza! Tulipatana!"

"Iko papier? Kama haiko na papier, hatukupatana."

Tshimanga aliomba, akapiga magoti kwenye vumbi akiwa na ovaroli yake ya kazi. Kisha akasimama na kurudi nyumbani na mfuko wake. Ilipofika Krismasi redio ikatangaza kwamba noti za zaire tano na za kumi zimekufa. Watu walipewa siku chache za kubadilisha, tena kwa kiasi. Tshimanga alipanga foleni benki hadi dirisha lilipofungwa usoni mwake, akaambulia sehemu ndogo. Noti zilizobaki Kabedi aliwashia mkaa, moja moja, bila kulia.

Na Lazare alicheka. Alicheka uani mwa kanisa, Jumapili, watu wakisikia. "Munaona? Makuta ya Tshimanga imekufa. Mutuka yangu iko palepale!"

Januari Tshimanga alikuja tena, safari hii akiongozana na Pasta Manassé wa kanisa la Lazare. Hakuomba apunguziwe. Aliomba karatasi tu, ili bei isiongezwe mara nyingine akija na pesa. Hapo Lazare alifurahi kweli. Hakuna kitu alichopenda kuliko kuandika, na kumwandikia mtu aliyefilisika ahadi ya gari kulikuwa kama kumwonyesha mwenye njaa picha ya nyama. Akaandika kwa mwandiko wake wa kupendeza kwamba Citoyen Banza atamwuzia Citoyen Tshimanga Pejo hiyo kwa zaire elfu kumi na mbili, bila likuta moja, ile senti ya zaire, kuzidi wala kupungua, siku yoyote, mwaka wowote. Maneno "mwaka wowote" aliyaongeza kwa dhihaka, na alipoyaandika alitabasamu. Nakala tatu: moja ya fundi, moja ya pasta aliyetia sahihi kama shahidi, moja ya faili la ofisi. Akapiga muhuri mara tatu.

"Sasa enda utafute, ndugu yangu. Itakungojea hata ukuwe na imvi."

Tshimanga alikunja karatasi, akashukuru.

Miaka ikaenda na zaire ikaenda nayo, chini, kila mwaka chini zaidi. Lazare hakushtuka. Alikuwa na kipande cha katoni nyuma ya kioo cha mbele, na kila pesa ilipoanguka alifuta bei na kuandika kubwa zaidi: elfu hamsini, laki nne, milioni. Wanunuzi walikuja wakaguna, wakaondoka. Alikuwa na haki ya kuipandisha bei kwa kila binadamu aliye hai, isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa amemsahau.

Mwishoni mwa 1991 barua ya kustaafu ilifika. Nyumba ya serikali irudishwe kabla ya mwaka kwisha. Safari hii Mungu alionekana kuwa upande wao, kwani wiki ileile alikuja Bolingo, ajuda, afisa mdogo wa kambi ya jeshi, mtu wa jimbo la Ekwateri ambaye mkewe alifanya biashara ya samaki wa chumvi. Alitaka gari la teksi. Alitaja dola mia sita, Lazare akakubali. Dola hizo zingetosha matofali, bati na mlango. Salomé alikwenda kwenye kiwanja chao kitupu, kule nyuma ya mtaa, akapima kwa hatua mahali pa cherehani. Alirudi akiimba.

Bolingo alisema atalipa Jumamosi. Ijumaa akafika Tshimanga na Pasta Manassé. Fundi alikuwa na mvi kweli.

"Yambo, baba Banza. Nimekuja kukamata mutuka."

Akatoa noti mbili mfukoni, moja ya elfu kumi na moja ya elfu mbili, akazilaza mezani. Siku hiyo sokoni pesa ile ilinunua fungu moja la samaki wadogo wakavu, mboga ya jioni moja.

Lazare alicheka kwanza. "Hii inauza nini?" akauliza, kwa Kiswahili cha Kamina kuuza kukiwa ni kununua.

"Inauza ile uliandika."

Pasta Manassé alivaa miwani akaisoma karatasi kwa sauti, polepole, kama anavyosoma neno la Jumapili. Alipofika kwenye "mwaka wowote", Lazare alisimama.

"Pasta, makuta imebadilika!"

"Makuta imebadilika, Lazare. Papier haikubadilika. Ni mukono yako, na cachet yako." Akagusa muhuri kwa kidole.

"Ile ilikuwa ya kuchezea tu!"

"Ya Tshimanga ilipokufa," pasta alisema, "weye ulicheka mbele ya kanisa. Minyi nilikuwa pale."

Lazare aliinyakua karatasi akaichana vipande vipande. Tshimanga hakusogea hata kidogo.

"Iko copie tatu, baba."

Jumamosi Bolingo alikuja na dola zake. Alikwishasikia njiani. Alimsikiliza Lazare akijieleza, akatikisa kichwa na kurudisha bahasha ndani ya koti. "Papa, minyi sipendi mutuka ya matata," alisema, akaenda zake. Wiki mbili Lazare alizunguka Kamina akitafuta mnunuzi mwingine, na kila mtu aliuliza kwanza habari za karatasi. Nakala ya tatu ilikuwa ofisini, kwenye faili alilolipanga mwenyewe, na karani aliyerithi meza yake alimwonyesha kila aliyetaka kuona. Siku mbili kabla ya kutolewa nyumbani, Lazare alizipokea zile noti mbili. Alizikunja kwa hasira, si kwa aibu.

Tshimanga alikuja na wanaume wawili na mnyororo. Hakuitazama saa ya kilometa. Magurudumu ya chini ya kitanda, yaliyolala pale miaka kumi na saba, yalikuwa yamepasuka yote, akayaacha. Alichomoa injini, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Carrosserie, hii bati yake, sipendi. Nataka moteur tu, ya machine ya kusaga muhindi." Kisha akamgeukia Salomé, naye akashusha sauti. "Mama, carrosserie na viti yake nakuachia. Mutapata pa kulala."

Ndivyo gari lilivyokuwa nyumba. Wanaume wa kanisa walilibeba ganda hadi kiwanjani na kuliweka juu ya matofali yaleyale. Salomé alilala kiti cha kati. Lazare alilala mbele, usukani ukimkaba tumbo. Mvua za Januari zilipiga bati usiku kucha, zikaingia palipokuwa na mpira wa kioo. Na kila asubuhi, mitaa miwili kutoka pale, mashine ya Tshimanga iliunguruma.

"Unasikia?" Lazare alimwambia mkewe. "Inalia muzuri. Ya zamani njo chuma."

Salomé alikamua blanketi lake.

Zile noti mbili Lazare alizificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Hakutaka kuzitumia, hata siku walizokosa chumvi, kwa sababu kuzitumia kulikuwa kukubali kwamba ameuza. Kila siku alitembea hadi ofisini kufuatilia pesa ya kustaafu. Alisimama nje ya dirisha lililokuwa lake, na yule karani mpya alizipokea karatasi zake bila kuinua macho. "Iko mbili tu, muzee. Rudia."

Siku moja ya Machi alirudi kiwanjani, akakuta gari halipo.

Palikuwa na marundo manne ya matofali, na katikati yake ardhi kavu yenye nyasi zilizopauka kwa kukosa jua. Jirani yao, Mwadi, alikuwa akipepeta unga mlangoni kwake. Lazare alimwuliza kwa ukali nani ameiba mutuka yake.

"Haikuibwa, baba. Bantu ba kutengeneza mbabula, majiko ya mkaa, bamekuja na mashoka, bameikata yote. Mama Salomé njo alibauzishia bati. Akaenda stesheni na ile makuta, kuuza tiketi ya Bukama."

"Tiketi mbili?"

Mwadi aliweka ungo chini. "Moja, baba."

Akaingia ndani, akatoka na kitabu cha nyimbo, akampa kwa mikono miwili kama mtu anavyompa mfiwa kitu. "Ameniachia hii. Alisema, umupatie, ile ya ndani njo beyi ya mutuka yake. Alisema, umuambie haikushuka."

Lazare aliketi juu ya matofali akafungua kitabu. Alizihesabu noti, akazigeuza, akazihesabu tena. Zilikuwa elfu kumi na mbili kamili, hata likuta moja haikupungua.